Alama Ndani ya Kola

Kla!

Sauti hiyo ndiyo iliyomwamsha Bi Povu kila siku kabla ya alfajiri. Ilikuwa sauti ya kifuniko cha pasi ya makaa. Mumewe alikifungua gizani, akatia makaa, akakifunga. Kla! Kisha akaanza kupuliza taratibu.

Zamani, Bi Povu akiisikia sauti hiyo alijigeuza upande wa pili akalala tena kidogo. Usingizi wa namna hiyo ni mtamu kuliko wa usiku kucha. Mzee yuko kazini, nyumba iko salama, haraka ya nini? Lakini siku hizi alikaa macho. Alisubiri sauti ya pili. Nayo haikukawia.

"Kho! Kho, kho, kho!"

Kilikuwa kikohozi kizito, kinachotoka chini kabisa kifuani. Kilimkunja mzee kama mtu anayefunga viatu. Kilipomwachia, alishika ukingo wa meza, akangoja pumzi irudi.

Bi Povu na mumewe walikuwa madobi. Watu walimpa Bi Povu jina hilo kwa sababu mikono yake haikukauka povu la sabuni. Mumewe aliitwa Mzee Pasi, na kuijua sababu yake hakuhitaji kwenda shule. Chumba cha mbele kilikuwa na meza ndefu iliyofunikwa blanketi kuukuu. Nyuma kulikuwa na ua mdogo wenye bomba, mabeseni na kamba za kuanikia. Na chini ya meza aliishi mtu wa tatu. Huyo alikuwa mjukuu wao, msichana ambaye bado hajaanza shule. Mama yake alifanya kazi mji wa mbali, akamwacha kwa bibi na babu. Kutwa nzima mtoto aliokota vifungo vilivyodondoka, akavitia koponi. Basi naye akaitwa Kifungo.

Bi Povu alikuwa na sheria yake. Hakuna kitu kinachotoka mlangoni mwake kikiwa kichafu. Hata karatasi ya kufungia nguo aliipangusa kwanza.

Tena hakuna nguo iliyoingia kwenye maji bila alama. Kila mteja alikuwa na alama yake, iliyoshonwa kwa uzi wa rangi ndani ya kola au ndani ya kiuno cha suruali. Mwalimu alikuwa na mistari miwili ya bluu. Mchomea vyuma alikuwa na duara jeusi. Nguo za mtaa mzima ziliingia beseni moja, zikakumbatiana, zikazungushana, na jioni kila moja ilirudi kwa mwenyewe.

"Mzee," alisema Bi Povu asubuhi hiyo, akiliondoa shuka kitandani. "Shuka limelowa tena upande wako."

"Ni joto."

"Mimi nalala papo hapo. Mbona joto linachagua upande?"

Mzee Pasi alijifanya hakusikia.

"Na hicho kikohozi?"

"Moshi wa makaa."

"Makaa hayo umeyapuliza tangu hujaota ndevu. Leo ndiyo yameamua kukuonea?"

"Yalikuwa yanangoja nizeeke. Hata makaa yana akili."

Kifungo alicheka kule chini ya meza. Bi Povu hakucheka. Alikuwa ameiona suruali ya mumewe. Mzee aliipunguza kiuno, kisha akaipunguza tena. Alifanya hivyo kimya kimya, mkewe akiwa uani. Lakini dobi huuona mshono mpya kama mwalimu anavyoliona kosa.

Siku hiyo hiyo alifika Shangazi Koti. Kifungo ndiye aliyempa jina hilo, na mtaa mzima ukalichukua. Alikuwa mtaalamu wa maabara katika kituo cha afya. Kila wiki alileta koti lake jeupe, lile alilovaa akiwa mapokezi. Lile la kufanyia vipimo halikuruhusiwa kutoka maabara.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Koti lako lime..."

Kikohozi kikamkata kauli. Kilimshika kwa muda mrefu. Shangazi Koti hakurudi nyuma, wala hakuziba pua. Aliweka mkoba wake chini, akaenda dirishani, akalifungua wazi. Akafungua na la pili. Kisha akarudi, akangoja mpaka mzee alipotulia. Bi Povu aliliona hilo akaliweka moyoni.

"Kikohozi hiki kimeanza lini, babu?"

"Juzi juzi tu."

"Juzi gani?" alidakia Bi Povu. "Kimeanza kabla ya mvua, na mvua zenyewe zimekwisha."

"Usiku anatoka jasho?"

"Liulize shuka."

Shangazi Koti alitikisa kichwa polepole. "Kikohozi kikipita wiki mbili, kinapaswa kupimwa. Huenda ni jambo dogo. Huenda ni kifua kikuu. Kwa kukusikiliza tu siwezi kujua, na hata daktari hawezi. Kipimo ndicho kinachojua."

Mzee Pasi alitupa jicho mlangoni. "Taratibu, mwanangu! Jina hilo usilitaje humu. Watu wakilisikia, hakuna atakayeniletea hata leso."

"Kina dawa, babu. Kinapona kabisa. Na kituoni kwetu dawa zake hazilipiwi."

"Kupona hakunitishi. Midomo ya watu ndiyo inayonitisha."

Lakini Bi Povu alimtazama kwa jicho ambalo mume aliyekaa sana na mkewe hulifahamu. Kesho yake Mzee Pasi alikwenda kituoni. Alikwenda peke yake, maana Bi Povu alikuwa na mapazia ya shule nzima kwenye beseni.

Pale kituoni muuguzi alimpa kikopo cha plastiki chenye kifuniko. Alimweleza vizuri. Asubuhi asukutue mdomo kwa maji matupu. Atoke nje, penye hewa, mbali na watu. Avute pumzi ndefu, kisha akohoe kwa nguvu kutoka kifuani. Kinachotakiwa ni makohozi mazito, mate hayafai. Kikopo chenyewe ni safi tayari, asikifungue mpaka wakati wake.

Mzee aliitikia kila neno. Alipofika nyumbani, maneno yote yale yakawa mafupi.

"Wamesema nikohoe humu asubuhi," alimwambia mkewe, akakiweka kikopo mezani.

Bi Povu alikishika kikopo. Kilikuwa na vumbi la mfuko wa suruali. Akawaza: kitu hiki kitawekwa mbele ya wataalamu. Watasema, kimetoka nyumba ya dobi. Haya, kiende hivi hivi? Hapana, labda dobi awe mwingine.

Alikiosha kwa sabuni. Akakisuuza. Kisha akachukua chupa ya klorini, ile ya kung'arishia nguo nyeupe, akakisafisha nayo mpaka kikametameta. Na kwa kuwa hakutaka makohozi ya mumewe yamkere mtu kwa harufu, aliacha klorini kidogo chini ya kikopo. Akakifunga vizuri, akatabasamu.

Asubuhi Mzee Pasi alikohoa humo. Bi Povu mwenyewe alikipeleka kituoni, akakikabidhi kama anayekabidhi shati la harusi.

*

Jibu lililetwa na Shangazi Koti. Alikuja mwenyewe, akavuta kiti akakaa.

"Babu, mashine imeshindwa kusoma."

Mzee Pasi alipiga makofi. "Nilisema! Hata mashine imeutafuta ugonjwa, imeukosa!"

"La, babu. Mashine haikusema huna. Wala haikusema unao. Inajikagua yenyewe kila inapofanya kazi, na safari hii imesema, 'Sijui.' Na sijui si hapana."

"Kwangu mimi, asiyenijibu ndiyo amenijibu hapana."

"Basi bibi ulimwoaje?" aliuliza Shangazi Koti. "Alikujibu ndiyo siku ile ile?"

"Nilinyamaza mavuno mpaka mavuno," alisema Bi Povu.

Hata mzee mwenyewe alitaka kucheka, lakini kikohozi kikamwahi. Kilipomwachia, uso wake ulikuwa umebadilika. Alipangusa mdomo, akaishika pasi yake.

"Mimi nimekwenda, nimekohoa, mashine imeshindwa. Sirudii. Chukua koti lako, mwanangu. Na vikopo vyako usiniletee tena hapa."

Bi Povu aliona aibu, akatamani ardhi ipasuke. Lakini Shangazi Koti hakununa. Alilichukua koti, akamshukuru mzee, kisha akamfuata Bi Povu uani.

"Mama, niambie polepole. Kile kikopo kilikaaje hapa nyumbani?"

"Kilikaa vizuri sana," alisema Bi Povu kwa fahari. "Nilikiosha kwa mikono yangu. Sabuni kwanza, halafu klorini. Nikaacha na klorini kidogo chini, ili kisiwanukie."

Shangazi Koti alifumba macho kidogo. Alipoyafumbua hapakuwa na kicheko ndani yake, wala lawama. Aligeuza kola ya koti lake. Ndani yake palikuwa na nyota ndogo nyekundu.

"Mama, hii ni nini?"

"Alama yako. Niliishona mimi."

"Koti hili likichanganyika na mengine meupe, unanijuaje?"

"Kwa nyota yako. Hakuna mwingine mwenye nyota nyekundu."

"Basi na mashine yetu inafanya kazi kama yako. Kila chenye uhai kina maandishi madogo ndani yake. Mtu anayo, mbuzi anayo, hata kijidudu ambacho jicho halikioni kinayo. Maandishi hayo yanaitwa vinasaba. Wengi huyaita DNA. Ndiyo yanayofanya mbuzi awe mbuzi na mjukuu afanane na bibi yake. Kijidudu cha kifua kikuu nacho kina sehemu ya maandishi ambayo vijidudu vingine havina. Hiyo ndiyo alama yake. Mashine inafungua kola, inatafuta alama hiyo tu."

"Lo! Kumbe na nyinyi ni madobi."

"Ndiyo, mama. Sasa niambie. Uzi mwekundu ukikaa kwenye klorini, inakuwaje?"

Bi Povu alifungua mdomo ili ajibu. Halafu akaufunga. Mikono yake ikadondoka kwenye aproni.

"Unafutika," alisema kwa sauti ndogo. "Unakuwa mweupe, unalegea, unakatika. Ndiyo maana koti lako likitoka kwenye klorini naishona nyota upya." Akaigusa nyota ile kwa kidole. "Kwa hiyo ni mimi niliyeharibu."

Shangazi Koti aliishika mikono ile, na povu lake. "Klorini inavikata vinasaba, mama. Na mabaki yake yanaisumbua mashine. Lakini wewe ulitaka kitu kitoke kwako kikiwa safi. Kosa hilo ni la mtu mwema. Na sisi tulikosea. Tulimweleza mzee peke yake, tukasahau kwamba nyumba ina wakubwa wawili." Akatoa kikopo kingine mkobani, akampa. "Hiki ni safi tayari. Usikifungue, usikioshe. Ukitaka kukisaidia, kiangalie tu."

Alipoondoka, Bi Povu alikaa juu ya beseni lililogeuzwa. Alikaa hapo mpaka maji ya bomba yalipojaa ndoo na kumwagika. Angeweza kunyamaza. Mumewe angeendelea kuilaumu mashine, na hakuna ambaye angejua. Lakini aliisikia kho ile ikitoka chumba cha mbele. Akapiga moyo konde, akainuka.

Alichukua bakuli, akatia klorini. Akachukua kipande cha kitambaa cheupe chenye mistari miwili ya bluu. Akaingia navyo mpaka mbele ya meza.

"Mzee, soma hapa. Alama hii ni ya nani?"

"Mistari miwili ya bluu. Ya mwalimu. Unanipima macho?"

"Nakupima subira." Alikitumbukiza kitambaa kwenye bakuli. "Endelea na kazi."

Mzee Pasi alipiga pasi shati, akalikunja. Akapiga la pili na la tatu, huku jicho moja liko kwenye bakuli. Mwishowe Bi Povu alikitoa kitambaa kwa kijiti, akakisuuza, akakitandaza mezani. Kilikuwa cheupe kama yai.

"Sasa ni cha nani?"

"Hakina alama."

"Kwa hiyo hakina mwenyewe?"

"Mwenyewe yupo! Alama ndiyo imefu..." Mzee alikatisha maneno. Alimtazama mkewe.

"Malizia," alisema Bi Povu. "Mwenyewe yupo, alama ndiyo imefutika. Mashine haikushindwa, mume wangu. Mimi ndiye niliyetia klorini kwenye kikopo chako. Niliona aibu kitoke kichafu."

Mzee Pasi hakugomba. Aliweka pasi kwenye kibao chake. Aliukunja ule mkono wa shati uliokuwa umekwisha kukunjwa. Kisha akasema polepole:

"Mwenzangu, si kwamba sijui. Najua nimekonda. Najua pumzi yangu si ile. Lakini wakilipata hilo jina kifuani mwangu, meza hii itakaa tupu. Na mimi bila meza hii ni nani?"

Ndipo kukasikika sauti kutoka chini ya meza.

"Kho! Kho, kho, kho!"

Ilikuwa sauti ndogo, nyembamba.

Wote wawili waliinama kwa pamoja. Kifungo alikuwa amekunja mgongo. Mkono mmoja alishika kopo la vifungo, mwingine alishika mguu wa meza. Alikuwa ametulia hivyo, mdomo wazi, akingoja pumzi irudi.

"Kifungo! Mjukuu wangu! Unaumwa wapi?" Bi Povu alipiga magoti.

Mtoto alishangaa kuona nyuso mbili kubwa. "Siumwi, bibi. Nacheza babu."

Bi Povu alicheka, lakini machozi yalimtoka. Mzee Pasi hakucheka. Alimtazama mjukuu wake aliyejikunja vile vile kama yeye, katika hewa ile ile anayokohoa yeye kutwa. Aliinuka, akaenda kuyafungua madirisha yote mawili. Kisha akageuka.

"Kikopo kiko wapi?"

*

Asubuhi iliyofuata Mzee Pasi alisimama nyuma ya ua, karibu na ukuta, penye upepo. Alisukutua mdomo kwa maji matupu. Alivuta pumzi, akaishikilia, akakohoa kutoka kifuani. Bi Povu alisimama mbali, mikono nyuma, kama mtoto aliyekatazwa kugusa sukari.

"Usikiguse!" alisema mzee huku akikaza kifuniko.

"Sikigusi! Hata kukitazama nakitazama kwa upande."

Walikwenda kituoni wote watatu. Shangazi Koti alikipokea kikopo, akakiinua kwenye mwanga. "Haya ndiyo makohozi yenyewe," alisema. "Kaeni karibu. Leo leo mtapata jibu."

Baadaye aliwaita kwenye dirisha la kioo. Nyuma ya kioo, juu ya meza, kulikuwa na mashine ya kijivu yenye milango midogo, kama kabati la vikombe.

"Ile?" aliuliza Bi Povu. "Hata beseni langu ni kubwa kuliko hiyo!"

"Ndiyo hiyo. Tumechanganya makohozi ya babu na dawa ya kuua vijidudu na kuyalainisha. Tukayatia kwenye kibweta kidogo, tukakiweka humo. Yenyewe inavifungua vijidudu na kutoa vinasaba."

"Halafu inatafuta alama," Bi Povu alimweleza mumewe, kana kwamba ameizaa yeye.

"Na kama alama ni chache?" aliuliza mzee. "Kijidudu kimoja, viwili. Itaionaje alama ndogo hivyo?"

"Swali zuri, babu. Moja haiwezi kuonekana. Kwa hiyo mashine inatoa nakala yake. Moja inakuwa mbili. Mbili zinakuwa nne. Nne zinakuwa nane. Inaongeza hivyo hivyo mpaka zinakuwa nyingi kupita kiasi. Nakala hizo zinatoa mwanga, na mashine inauona. Kama alama haikuwemo tangu mwanzo, hakuna cha kunakili, na hakuna mwanga."

"Kama povu!" alisema Bi Povu. "Sabuni chembe tu, povu beseni zima. Bila sabuni, utakoroga mpaka kesho."

Shangazi Koti alicheka. "Mama, nitaomba ruhusa nikuajiri."

Waliketi kwenye benchi. Kifungo alilala juu ya mapaja ya bibi yake. Jibu lilipotoka, Shangazi Koti aliwaingiza katika chumba kidogo, akafunga mlango.

"Babu, mashine imesoma vizuri. Alama ya kifua kikuu imeonekana."

Mzee Pasi alishusha pumzi. Bi Povu aliushika mkono wake chini ya meza.

"Na kuna jibu la pili," aliendelea Shangazi Koti. "Vijidudu vingine vimejifunza kuikwepa dawa. Vikifanya hivyo, maandishi yao hubadilika mahali fulani."

"Kama mtu aliyefumua alama yangu akashona yake," alisema Bi Povu.

"Hasa. Mashine inapatazama hapo pia. Kwa babu, haikuona badiliko lolote. Dawa za kawaida zitakimaliza. Na ingeliona, ziko dawa nyingine, tungezijua leo badala ya kubahatisha miezi."

Mzee aliinamia mikono yake. Halafu akainua kichwa, na Bi Povu akaona macho yale ya zamani.

"Basi kimepatikana," alisema. "Mwizi akishajulikana jina na nyumba anayolala, kilichobaki ni kumfuata."

"Umesema, babu. Tunamfuata kwa vidonge, kila siku, miezi sita. Utajisikia mzima mapema sana. Hapo ndipo wengi wanapoacha, na mwizi anarudi na akili mpya. Wewe usiache."

"Nimepiga pasi kila siku ya maisha yangu. Kidonge kitanishinda?"

Siku hiyo hiyo Bi Povu na Kifungo nao walichunguzwa. Hawakuwa wagonjwa. Daktari alimpa Kifungo dawa ya kumkinga, maana mtoto mdogo hukamatwa upesi. Kwa wiki za kwanza mzee angelala chumba cha mbele, madirisha wazi. Angefunika mdomo anapokohoa, mpaka kituo kimwambie basi.

"Na nguo za watu?" aliuliza mzee, na hapo sauti yake ikapungua.

"Kifua kikuu kinasafiri kwa hewa, mtu anapokohoa. Hakisafiri kwa shati, wala kwa sahani, wala kwa kushikana mkono," alisema Shangazi Koti. Akanyoosha mkono wake, akaushika mkono wa mzee, akautikisa. "Pumzika wiki hizi mbili tatu. Ukipata ruhusa, rudi mezani kwako."

*

Habari haina miguu, lakini hufika. Mzee Pasi aliporudi mezani, wa kwanza kuingia alikuwa mchomea vyuma. Alisimama mlangoni, akajikuna shingo.

"Babu, nasikia... watu wanasema..."

"Umesikia kweli," alisema Mzee Pasi, na hakuishusha sauti. "Kilikuwa kifua kikuu. Nameza dawa, na kituo kimesema siambukizi tena. Nguo zako hizi hapa. Ukitaka kuhama, nitakufungia vizuri."

Bi Povu alisimama kwenye mlango wa uani. Mchomea vyuma aliyatazama madirisha yaliyofunguliwa. Aliutazama uso wa mzee, ulioanza kujaa. Akaingia, akafunga mlango nyuma yake.

"Sikuja kuhama," alisema kwa kunong'ona. "Mimi nami nakohoa. Mke wangu namwambia ni moshi wa vyuma. Hivyo vikopo... wanatoa asubuhi?"

"Asubuhi," alijibu Bi Povu kabla ya mumewe. "Na usithubutu kukiosha!"

Miezi ilikwenda. Vidonge vilikaa kwenye rafu, karibu na pasi, na kila alfajiri mzee alimeza kabla hajawasha makaa. Kifungo alimletea maji, akahakikisha amefungua mdomo. Alipoitwa kituoni kupimwa tena, safari hii makohozi yalitazamwa kwa hadubini.

"Mbona mmeiacha ile mashine ya alama?" aliuliza Bi Povu.

"Kwa sababu inaona alama hata ya kijidudu kilichokwisha kufa, mama. Ingetudanganya."

"Kweli. Shati la marehemu bado lina alama yake."

Kisha ikafika alfajiri moja. Kla! Bi Povu alifumbua macho. Alingoja sauti ya pili, kwa mazoea tu. Alisikia makaa yakipulizwa. Alisikia kimya. Halafu akasikia jambo ambalo hakulisikia siku nyingi. Mzee alikuwa anapiga mluzi.

Bi Povu alijigeuza upande wa pili. Shuka lilikuwa kavu. Akalala tena kidogo, ule usingizi mtamu.

Mchana Shangazi Koti alikuja. Alikuwa na habari mkononi: dawa zimekwisha, kipimo cha mwisho ni safi, babu amepona. Mzee Pasi alilipokea neno hilo amesimama wima, kama mtu anayepimwa suti. Suruali yake ilikuwa imefumuliwa kiunoni, na mshono wa zamani ulionekana.

Alilichukua koti la Shangazi Koti, ambalo lilikuwa limekwisha kupigwa pasi. Akalipiga tena, polepole, kola, mikono, mgongo. Kifungo alitoka chini ya meza na kifungo cheupe.

"Shangazi Koti, hiki ni chako. Nimekutunzia."

"Ahsante, mwanangu. Nilikitafuta sana."

Mzee alilikunja koti. Alipolitoa, hakuliachia upesi.

"Mwanangu," alisema, "siku moja nilikuambia usilete vikopo vyako hapa."

"Sikumbuki, babu."

"Unakumbuka. Ila una adabu." Akaliachia koti. Akamsindikiza mpaka nje, jambo ambalo hakumfanyia mteja yeyote. Shangazi Koti alipokuwa amefika kwenye kona, mzee akapaza sauti, na kifua chake kikaibeba sauti hiyo bila kukwaruza popote:

"Njoo tena, mwanangu! Hata koti likiwa safi, wewe njoo!"